Njama, Fitina na Shauri la Siri: Neno Moja na Matumizi Yake Kanisani

Yako maneno ambayo kanisa huyapokea kutoka mitaani na magazetini bila kuyauliza yametoka wapi, na moja la maneno hayo ni njama. Halikosekani katika vikao vyetu. Wazee watatu wakionekana wamesimama chini ya mti baada ya ibada, wanakula njama. Wanakwaya wakikutana nyumbani kwa mwenzao kuzungumza habari za mwalimu wao, ni njama. Uchaguzi wa viongozi ukikaribia, neno hili huvuma kutoka mtaa hadi usharika, na kutoka usharika hadi dayosisi, na yule aliyelitamka kwanza huwa amekwisha kushinda nusu ya vita; kwa maana mtuhumiwa akikana, kukana kwake huhesabiwa kuwa sehemu ya njama yenyewe. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hili katika lugha yetu na katika lugha za Maandiko. Tunadhani kwamba tafsiri tuliyoizoea imetuficha jambo la maana, na kwamba sisi wahubiri tumeliongeza giza badala ya kulipunguza.

Tuanze nyumbani. Kiswahili hakimruhusu mtu kula njama peke yake. Mtu mmoja anaweza kuwa na hila, kinyongo, au kusudi baya alilolificha moyoni. Lakini njama yataka mwenzi. Tena njama huliwa, kama vile kiapo kinavyoliwa, na yamini. Msemaji wa kawaida hafikirii chakula anapotamka maneno hayo, nasi hatudai kwamba kila mla njama aliketi penye sinia. Hata hivyo lugha imehifadhi jambo ambalo msomaji wa Biblia hawezi kulipita upesi: walioliwa njama katika Maandiko mara nyingi walikuwa wamekula pamoja na wale waliowageuka. Mwenye Zaburi ya 41 anamlilia rafiki aliyekuwa akila chakula chake, na Yohana sura ya 13 inatuonyesha tonge likipita kutoka mkono wa Bwana kwenda mkono wa Yuda.

Lakini neno hili lina upande wa pili ambao tumeusahau. Kamusi zetu hulipa njama maana ya mashauriano ya faragha, mkutano wa watu wachache waliojitenga na wengi, kabla ya kufika kwenye maana ya mpango wa kumdhuru mtu. Majirani zetu Wagikuyu wa Kenya walikuwa na njama ya ita, yaani baraza la vita, wala hapakuwa na aibu yoyote kuitwa katika baraza hilo. Na hata pale neno lilipobadilika, desturi yenyewe haijafa. Nani hajaona wageni waliokuja kuposa wakiomba ruhusa watoke nje kidogo, wakashauriane juu ya mahari, kisha warudi na jibu moja? Wenye nyumba hawakasiriki. Wangekasirika kama wageni wangeanza kubishana wao kwa wao sebuleni. Wazee wa shauri nao, wakiisha kuwasikiliza wadai wote wawili, hujitenga kando kabla ya kutoa hukumu. Kujitenga huko ni adabu. Kwa hiyo neno lilikuwa pana kuliko tunavyolitumia leo, nasi tumelinyang'anya nusu yake njema na kubaki na nusu ya kutishia.

Sasa twende kwenye Kiebrania, maana hapo ndipo mwanafunzi wa theolojia ataona kwamba tatizo hili si letu pekee. Kuna neno *sod*. Maana yake ni baraza la watu wa karibu, na pia ni siri inayozungumzwa katika baraza hilo. Yeremia anawashambulia manabii wa uongo kwa swali kama kuna hata mmoja wao aliyesimama katika *sod* ya Bwana (Yer. 23:18, 22). Amosi anasema Bwana hatendi neno bila kuwafunulia manabii *sod* yake (Amo. 3:7). Zaburi ya 25 inawapa *sod* hiyo hiyo wale wamchao Mungu. Ni neno tukufu. Lakini Zaburi ya 64 inaomba kufichwa mbali na *sod* ya watenda mabaya, na Yakobo akiwa kitandani pa kufa anaikataza nafsi yake isiingie katika *sod* ya Simeoni na Lawi, kwa sababu ya damu waliyoimwaga (Mwa. 49:6). Basi, je, *sod* ni neno zuri au baya? Kiebrania hakijibu kwa neno lenyewe. Kinakuacha umtazame aliyeketi katika baraza hilo, na mtu anayezungumzwa humo.

Neno la pili, ambalo ndilo hasa la njama, ni *qesher*. Mzizi wake maana yake ni kufunga, kukaza kwa kamba. Ndio mzizi unaotumika katika Kumbukumbu la Torati 6:8, Israeli wanapoamriwa kuyafunga maneno ya Mungu mkononi. Ndio mzizi unaotumika Yuda anapomweleza Yusufu jinsi roho ya baba yao ilivyofungamana na roho ya Benyamini (Mwa. 44:30). Na ndio mzizi unaotumika katika 1 Samweli 18:1, pale nafsi ya Yonathani ilipofungamana na nafsi ya Daudi.

Tukae kidogo hapa, kwa maana mwandishi wa Samweli ana jambo kubwa. Sura nne baadaye, Sauli ameketi chini ya mti huko Gibea, mkuki mkononi, watumishi wake wamemzunguka. Anawalaumu kwamba wote wamefanya *qesher* juu yake, na katika pumzi hiyo hiyo anataja agano la mwanawe na mwana wa Yese (1 Sam. 22:8). Mzizi ni mmoja. Kile ambacho msimulizi alikiita kufungamana kwa nafsi, mfalme anakiita njama. Hakuna kilichobadilika kwa Yonathani isipokuwa macho ya baba yake. Kisha Doegi Mwedomi anafungua kinywa, na kuhani Ahimeleki anaitwa pamoja na nyumba yote ya baba yake. Ahimeleki alikuwa amempa Daudi mikate na upanga, akidhani anamhudumia mkwe wa mfalme aliyetumwa na mfalme. Anajitetea kwamba hakujua lolote katika shauri hilo, dogo wala kubwa. Utetezi wake haukusikilizwa. Askari wenyewe wakakataa kuwagusa makuhani wa Bwana, lakini Doegi hakukataa, na siku ile wakaanguka watu 85 waliovaa naivera ya kitani, na mji wa Nobu ukapigwa, wanaume kwa wanawake, watoto na wanyonyao. Katika habari hii yote njama haikuwapo. Kilichokuwapo ni neno tu, na neno lilitosha.

Tumesema kwamba tafsiri tuliyoizoea imetuficha jambo, nasi hatuna budi kulithibitisha hilo. Katika Biblia ya Union Version, iliyochapwa kamili mwaka 1952 na ambayo bado ndiyo husomwa madhabahuni kwetu, *qesher* ya Isaya 8:12 imetafsiriwa fitina, na vivyo hivyo mashtaka ya Amazia dhidi ya Amosi (Amo. 7:10). Hatuwalaumu watafsiri kwa wepesi. Fitina ni neno lililotoka katika Kiarabu, na huko lina historia nzito: kujaribiwa kama dhahabu inavyojaribiwa motoni, kisha machafuko ya waaminio wao kwa wao, uasi wenye kugawa watu. Mtu mwenye kusikia maana hiyo nzito angeelewa vema kwamba Amosi anashtakiwa kwa uhaini. Lakini ni nani katika sharika zetu anayeisikia hivyo? Fitina kwa msikilizaji wa leo ni maneno ya pembeni, kumchongea mtu kwa mwenzake, kuwagombanisha ndugu. Na Union Version yenyewe inaikaza maana hiyo, kwa kuwa katika Wagalatia 5:20 fitina imepangwa katika matendo ya mwili, jirani na ugomvi na faraka. Tuliwahi kuwapa wanafunzi wetu Isaya 8:12 waieleze bila kutazama kitabu cha maelezo. Wengi wao waliandika kwamba Mungu anamkataza nabii asisikilize umbea. Hawakuwa wavivu. Walisoma Kiswahili kilichokuwa mbele yao.

Hali ilivyokuwa ni nyingine kabisa. Resini wa Shamu na Peka wa Israeli wamepanda juu ya Yerusalemu, wakitaka kumwondoa Ahazi na kumweka mwana wa Tabeeli awe mfalme. Moyo wa mfalme na mioyo ya watu wake inatikisika kama miti ya msituni mbele ya upepo. Katika hofu hiyo kila mtu anasema *qesher*. Wafafanuzi hawakubaliani ni *qesher* ipi. Wengine husema ni mapatano ya wafalme wale wawili. Wengine husema Isaya mwenyewe na wanafunzi wake ndio waliotuhumiwa, kwa kuwa walipinga kuutafuta msaada wa Ashuru. Na wako waliotaka kuibadilisha herufi ili neno lisomeke kitu kitakatifu, kwa sababu mstari unaofuata unanena juu ya kumtakasa Bwana. Sisi tunaona kwamba maandishi yanasomeka vema jinsi yalivyo, na kwamba maelezo ya pili yana nguvu zaidi, maana Amosi naye alipatwa na jambo hilo hilo mbele ya kuhani wa mfalme. Lakini msomaji akichagua lolote katika hayo mawili ya kwanza, amri inabaki ile ile: nabii anakatazwa kuliita njama kila jambo ambalo watu hawa wanaliita njama, na anakatazwa kuogopa kile wanachokiogopa. Hii ni amri juu ya matumizi ya neno. Ni jambo la nadra katika Maandiko, na kwa neno fitina limetupita.

Ukifuata *qesher* katika vitabu vya Samweli na Wafalme utaona kwamba msimulizi halikwepi neno hili palipo na njama ya kweli. Absalomu alikula njama. Zimri alikula njama. Yoashi aliuawa na watumishi wake mwenyewe kwa njama (2 Fal. 12:20), yule Yoashi ambaye utotoni alifichwa miaka sita katika nyumba ya Bwana na shangazi yake Yehosheba. Ajabu ni kwamba siku kuhani Yehoyada alipomtoa mtoto huyo na kumvika taji, tendo lililopangwa kwa siri, kwa viapo na kwa walinzi wenye silaha, msimulizi hakuliita *qesher*. Anayepiga kelele *qesher*, tena mara mbili, ni Athalia, ambaye alikuwa ameua uzao wa kifalme ili aketi yeye (2 Fal. 11:1, 14). Neno hili hupenda kukaa kinywani mwa mwenye kiti.

Wala hatuhitaji kurudi mbali hivyo. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na maonevu, alihudhurishwa Kampala mbele ya silaha zilizopangwa hadharani na maandishi yaliyosomwa kumhusisha na mpango wa kuipindua serikali. Tarehe 16 mwezi huo akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na taifa likatangaziwa kwamba ni ajali ya gari. Nchini Rwanda, tangu vita vilipoanza Oktoba 1990, neno *ibyitso*, yaani washirika wa adui, lilitumiwa kuwajaza maelfu gerezani, na mwaka 1994 likatumiwa kwa kazi ambayo sote tunaijua. Walioliimba neno hilo walibatizwa, wengi wao. Tunaandika haya kwa wachungaji, na tungependa yasomwe hivyo.

Hapa yatupasa kukiri la kwetu. Miaka ya mwanzo ya utumishi wetu tulipewa usharika mmoja wa mlimani, na mwaka wa pili tukaletewa habari kwamba wazee wanne wanakutana usiku nyumbani kwa mmoja wao. Aliyetuletea habari alikuwa mtu wa sala. Hatukuuliza. Jumapili iliyofuata tulisoma Matendo ya Mitume 23, habari za wale zaidi ya arobaini waliojifunga kwa kiapo wasile wala wasinywe mpaka wamwue Paulo, na tukahubiri juu ya watu wanaokula njama dhidi ya mtumishi wa Mungu. Hatukutaja jina. Hapakuwa na haja, kwa kuwa kanisa zima liligeuza shingo kutazama benchi la tatu. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba wazee wale walikuwa wamegundua upungufu katika vitabu vya fedha za ujenzi, na walikuwa wakitafuta namna ya kutueleza pasipo kumwaibisha mweka hazina, ambaye alikuwa shemeji wa mmoja wao. Watatu walirudi, tukapatana. Wa nne hakushiriki tena Chakula cha Bwana katika usharika ule muda wote tuliokuwa hapo.

Tangu siku ile tumeisoma Matendo 23 kwa jicho jingine, na tumeona jambo tulilolipita tulipokuwa na hasira. Luka anatumia maneno matatu kwa njama ile: *systrophe*, kusokotwa pamoja, *synomosia*, kuapa pamoja, na *epiboule*, shauri la kumwotea mtu. Ni njama kamili, haina shaka. Lakini je, inavunjwaje? Mtoto wa dada yake Paulo anasikia, anaingia ngomeni, anamwambia mjomba wake. Jemadari anamshika mkono yule kijana, anajitenga naye kando, anamwuliza kwa faragha, na kumwagiza asimwambie mtu. Kisha askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 wanaondoka saa tatu ya usiku. Wokovu wa Paulo ulipita katika siri ile ile ya usiku. Mhubiri anayesema kwamba jambo jema hufanyika mchana tu ameukata mlango ambao Paulo aliutokea.

Mathayo naye anatupa mizani ndogo iliyo sahihi mno. Katika sura yake ya kwanza Yusufu anaazimu kumwacha Mariamu *lathra*, kwa siri, kwa sababu ni mtu wa haki naye hataki kumwaibisha. Katika sura ya pili Herode anawaita mamajusi *lathra*. Kigiriki ni kile kile. Union Version imeandika kwa siri hapo kwanza na faraghani hapo pili, na kama tungeulizwa tungependa maneno hayo yabadilishane nafasi, kwa kuwa Yusufu ndiye aliyekuwa na faragha na Herode ndiye aliyekuwa na siri. Tofauti ya wawili hao ni mtu asiyekuwapo chumbani. Yusufu anamfikiria ili amsitiri, na Herode anamfikiria ili amwue.

Kwa kipimo hiki hata suala gumu la Dietrich Bonhoeffer, ambalo sisi Walutheri hatuwezi kulikwepa, linaweza kutazamwa bila kelele. Alikuwa mchungaji, naye alishiriki kwa hakika katika njama dhidi ya Hitler. Alikamatwa Aprili 1943, akanyongwa huko Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Hakujificha nyuma ya neno jingine lililo laini. Aliandika juu ya kuibeba hatia kwa ajili ya jirani, nalo ni fundisho zito ambalo haliwezi kukopwa na kila mwenye ugomvi na mkuu wa jimbo lake. Wanaomtaja katika uchaguzi wa dayosisi hawajamsoma.

Ama kuhusu mahubiri, tuna manung'uniko madogo. Shetani wa mimbari zetu anakula njama kila Jumapili, mpaka wanadamu hawabakiwi na kazi. Injili hazisemi hivyo kwa wingi. Shetani akimwingia Yuda, Yuda bado huenda kwa miguu yake kuongea na wakuu wa makuhani. Na kule kwa Kayafa wanaomtafuta Bwana wanafanya shauri, neno la kawaida la kikao chochote, pakiwa na mwenyekiti na hoja na uamuzi (Mt. 26:3–4, Yn. 11:47–53). Njama kubwa kuliko zote ilipitishwa na baraza halali. Aliyehukumiwa nayo alijibu kwamba hakusema neno lolote kwa siri. Lakini huyo huyo alimpokea Nikodemo usiku.

Mahakamani, shtaka la kula njama lataka kuthibitishwa: nani alikubaliana na nani, kwa kusudi gani. Kanisani hatuna hata kiasi hicho. Hata hivyo tumepewa utaratibu ulio bora, nao huanza faraghani: nenda kwa ndugu yako, ninyi wawili tu, akikataa, chukua pamoja nawe mmoja au wawili (Mt. 18:15–16). Mchungaji anayewaona watu wawili au watatu wakielekea nyumbani kwa ndugu aliyekosa, akawaita wala njama, amewazuia katika hatua ya pili ya agizo la Bwana. Na sisi tulioapa kuitunza siri ya maungamo tunaishi kwa faragha kuliko mtu yeyote usharikani.

Kwa watakaoshughulika na tafsiri siku zijazo, tungependekeza njama iandikwe wazi katika Isaya 8:12, Amosi 7:10 na 1 Samweli 22, ili Amazia na Sauli wasikike wakisema neno lile lile tunalolisema sisi. Fitina ibaki pale Wagalatia 5. Kuhusu *sod* ya Zaburi ya 25 tumesitasita kwa muda mrefu. Siri ni sahihi lakini ni finyu, kwa kuwa inataja jambo linalosemwa na kuacha walioketi pamoja kulisema. Mzee mmoja asiyejua Kiebrania, tulipomsomea zaburi hiyo na kumweleza maana zote mbili, alituambia kwamba kwao jambo hilo lingeitwa kuitwa jikoni: mgeni huketi sebuleni, ila wa karibu huambiwa apite ndani.